Makutano ya barabara kuu mtaani kwetu Malindi: tuunge mkono daraja la waenda kwa miguu au mzunguko?

Bint Pwani aliandika:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri katika jambo ambalo mtaa wetu umepewa hadi mwisho wa mwezi kulitolea maoni kwa maandishi. Hapa Malindi, mahali ambapo njia ya mtaani inakutana na barabara kuu iendayo Mombasa, tumeonyeshwa michoro miwili. Wa kwanza unaipanua barabara iwe na njia nne, unaongeza njia za pembeni ili magari yakunje kushoto bila kusimama, kisha unawapandisha watu kwenye daraja la chuma. Wa pili ni mzunguko wa njia moja, yaani duara ambalo magari hulizunguka kwa mstari mmoja, wenye kivuko kilichoinuliwa katika kila mkono wa barabara unaoingia na kisiwa cha kusimama katikati ya barabara.

Wazee wetu wameelekea daraja, kwa hoja kwamba mtoto aliye juu hagongwi, na hoja hiyo naiona ina uzito. Lakini kila siku saa saba mchana huwa pale nikimngoja mwanangu atoke shule, na ninayoyaona yananitia mashaka. Yupo mama muuza samaki anayevuka na beseni kichwani. Hutanguliza mguu mmoja kwenye lami, akaurudisha, akautanguliza tena, maji ya barafu yakimchuruzika shingoni, hadi apatikane dereva wa kumpisha. Je, mama huyo mwenye maumivu ya magoti atapanda ngazi zile? Sina elimu ya uhandisi, na sipendi kuwapinga wazee kwa hisia tupu.

Mhandisi Mstaafu alijibu:

Wa aleikum salaam, dada. Swali lako la mwisho ndilo lililostahili kuulizwa kabla ya mchoro wowote kuchorwa. Daraja humlinda yule tu anayelipanda. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ina madaraja ya aina hiyo, na bado watu wameonekana wakivuka chini yake. Mimi siwaiti wakaidi: mwenye mzigo hulinganisha ngazi za kupanda na kushuka na hatua chache za lami, akachagua lami.

Sasa tupige hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Njia nne zina upana wa mita 14 hivi, na mtu mwenye beseni anayetembea mita moja kwa sekunde atahitaji sekunde 14, muda ambao gari lililokuwa umbali wa karibu mita 200 litakuwa limemfikia. Katika mzunguko wa njia moja atavuka mita tatu na nusu, atulie kisiwani, kisha avuke nyingine, na kila mara atatazama upande mmoja tu. Dereva naye hulazimika kukunja, na anayekunja hupunguza mwendo hata kama hana heshima kwa mtu yeyote. Kwa kilomita 30 kwa saa gari hupita mita 8 na kidogo kwa sekunde, na tofauti hiyo mara nyingi ndiyo inayotenganisha jeraha na msiba. Kwa upande wa magari yenyewe, makutano ya kawaida ya mikono minne yana sehemu 32 ambazo magari yanaweza kugongana. Mzunguko wa njia moja una 8.

Nasisitiza, njia moja. Mzunguko wa njia mbili una hatari yake: gari la kwanza husimama kumpisha mtu, nalo likamficha asionekane na gari la pili.

Mkaazi wa Gede alijibu:

Kwa heshima zote, Mhandisi, naona mnaisahau barabara yenyewe. Hapo hupita mabasi na malori marefu yaendayo Garsen na Lamu, na lori refu haligeuki katika duara dogo. Zaidi ya hayo, madereva wetu hawapishi mtu penye mistari myeupe. Nimeshuhudia mtoto akisubiri mpaka akakata tamaa na kurudi nyumbani kumwita mkubwa wa kumvusha.

Mhandisi Mstaafu alijibu:

Hoja zote mbili ni za kweli. Kwa malori, kisiwa cha katikati ya mzunguko huzungushiwa ukingo mpana wa mawe ambao magurudumu ya nyuma yanaweza kuukanyaga. Kuhusu mistari, ndiyo maana nakitaka kivuko kilichoinuliwa, kwa kuwa tuta halimwombi dereva ruhusa. Kiwekwe nyuma kidogo ya mdomo wa mzunguko, kiasi cha urefu wa gari moja, na mtaro upitishwe chini yake, la sivyo masika ya kwanza yatakigeuza bwawa.

Dereva wa Tuktuk alijibu:

Dada, nasi tufikiriwe. Tunashusha abiria mdomoni mwa makutano kwa sababu hatukutengewa mahali. Msipoomba kituo cha tuktuk na bodaboda mbele kidogo, baada ya kukipita kivuko, tutasimama palepale, na mtoto atalazimika kuchungulia ubavuni mwa tuktuk ili aone gari linalokuja.

Mwalimu Jirani alijibu:

Naunga mkono mzunguko, ila una upungufu ambao haujatajwa. Mtu asiyeona huvuka kwa kusikiliza, na kwenye mzunguko mngurumo wa magari haukatiki. Ombeni vigae vyenye vinundu vitakavyomwongoza kwa fimbo yake hadi kwenye kivuko. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayomfaa. Tena pelekeni nakala mbili: barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia barabara hizo, ilhali barabara za kaunti, taa za mitaani na maegesho ni kazi ya kaunti. Mkiandikia upande mmoja tu, kila mmoja atamwelekezea mwenzake kidole.

Bint Pwani alijibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana jioni niliwasomea wazee hesabu ya sekunde 14, na wawili kati yao wameomba tukaipime barabara pamoja. Leo nimezungumza pia na mama muuza samaki. Amesema huvuka mara sita kwa siku, na kwamba kivuko kingemfaa zaidi penye mwarobaini, kwa sababu hapo ndipo anapotua beseni kivulini. Nimepima kwa hatua: mwarobaini uko hatua nane nyuma ya pale mchoro ulipokiweka. Ombi la kukisogeza hadi hapo ndilo litakalokuwa aya ya kwanza ya barua yetu.