Tupeane uzoefu: nyimbo za pop na rock za miaka ya 90 tulizokuja kujua chanzo chake baada ya miaka

Fundi Kaseti
Habari za jioni wakuu. Leo nimepanda daladala ya Gongo la Mboto, dereva kafungua redio, ukapigwa Losing My Religion wa R.E.M. Nimepitiliza kituo changu bila kujua.

Mwaka 1992 tulikuwa Moshi, marehemu baba ni mwinjilisti. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi akaniletea kaseti, majina ya nyimbo kayaandika kwa kalamu ya bluu kwenye kile kikaratasi cha ndani. Baba akakiona. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini maneno hayo matatu aliyaelewa. Hakunichapa. Aliniita jikoni, akauvuta mkanda wote mpaka ukajaa sakafuni kama nywele zilizonyolewa, akautia kwenye mafiga. Harufu ilikaa siku mbili. Kwa miezi kadhaa jina langu likawa linatajwa kwenye sala ya usiku, nami nimepiga magoti hapo hapo.

Baadaye sana nikasoma kwamba huko kusini mwa Marekani wanakotoka hao jamaa, mtu akisema kapoteza dini yake anamaanisha uvumilivu umemwisha. Michael Stipe mwenyewe, mwimbaji wao, ameeleza kuwa ni wimbo wa mtu anayempenda asiyempenda. Na kile chombo kinacholia mwanzoni ni mandolini, mpiga gitaa wao Peter Buck alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuipiga. Baba alifariki 2006 kabla sijayajua haya. Ningemweleza, angenisikiliza, alikuwa mtu wa haki.

Nani mwingine ana wimbo wa namna hii? Tupeane.

Mtoto wa Ng'ambo
Sisi Unguja tulidhani ni gambusi! Mjomba alikuwa akisema huyo mpigaji lazima kapita kwetu.

Mama Wawili
Pole kaka Fundi. Wa kwangu ni I Will Always Love You. Tumeingia nao ukumbini Mwanza, Desemba 1997, mimi na shela langu, kamati nzima imesimama. Miaka kumi baadaye mdogo wangu ananiambia dada, huo ni wimbo wa kuagana. Kumbe Dolly Parton aliutunga mwaka 1973 alipokuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, aliyemlea kwenye muziki. Anamuaga bosi wake! Whitney Houston akauimba upya 1992, sisi tukasikia neno "love" tukakimbilia ukumbini.

Nimeangalia video ya harusi tena nikiwa najua. Pale anaposema asilie, mama yangu mzazi anaonekana pembeni anafuta machozi kwa kanga. Yeye hajui Kiingereza hata kidogo. Sijui alisikia nini.

Bwana Sahihi
Uzi unasema pop na rock. Dolly ni country.

Mama Wawili
Nimeingia ukumbini na Whitney, mwanangu, siyo na Dolly.

Kijana wa Kinondoni
Ushauri wa bure: kabla ya harusi mpe MC orodha, na kila wimbo usomewe maneno yake mbele ya kamati.

Mtoto wa Ng'ambo
Usifanye hivyo, utabaki na tarumbeta tupu.

Bi Mkubwa Tanga
Nikumbushe Sinéad O'Connor jamani, Nothing Compares 2 U, 1990. Ule uso tu na yale machozi. Alijitungia mwenyewe baada ya kuachwa.

Bwana Sahihi
Samahani Bi Mkubwa, hapana. Prince ndiye aliyeutunga, ulitoka kwanza 1985 na kundi lake la The Family.

Bi Mkubwa Tanga
Basi machozi yalikuwa ya nani?

Mtoto wa Ng'ambo
Ya mama yake, shangazi. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka huo huo 1985. Sinéad alisema alipofika pale panapotajwa maua aliyoyapanda mama, machozi yakamtoka mwenyewe mbele ya kamera. Alisilimu 2018, akaitwa Shuhada. Alipofariki Julai 2023 msikitini kwetu kuna waliomwombea dua.

Bi Mkubwa Tanga
Allah amrehemu. Nilikuwa nausikiliza wakati wa eda. Niliona moyoni kwamba hayakuwa machozi ya mwanamume.

Wa Eastlands
Nimekuwa nikisoma tu, sikuwa na nia ya kuandika. Lakini hiyo kaseti ya Fundi imenirudisha.

Mwaka 1998 nilikuwa nasomea uhazili katikati ya Nairobi, orofa ya tatu, jengo lenye madirisha mapana ya kioo. Rafiki yangu, tuliokaa dawati moja, alikuwa na Walkman na kaseti ya The Cranberries. Tulikuwa tunagawana, sikio moja lake, sikio moja langu. Zombie ndio tuliupenda kuliko zote. Tulikuwa tunaupiga na kichwa, tunacheka, hatukujua ni wa nini.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti, saa nne unusu hivi. Mkanda ulikuwa umenaswa. Niliinama chini ya dawati ili mwalimu asinione, naurudisha kwa kalamu ya Bic. Tukasikia mlio kwanza, mdogo, kama wa gurudumu kupasuka. Darasa zima likakimbilia dirishani kuangalia. Yeye akaniambia, "Twende uone." Nikamwambia ngoja nimalize hii.

Kisha mlio mkubwa. Sitaueleza. Nilipoinuka hewa ilikuwa nyeupe na hakukuwa na dirisha. Wote waliokuwa wamesimama pale walikuwa wameshika nyuso zao. Lilikuwa bomu la ubalozi wa Marekani. Nairobi tulipoteza watu zaidi ya 200 siku hiyo, na wengine waliopona walipoteza macho kwa sababu ya ule mlio wa kwanza uliowaita dirishani. Rafiki yangu ni mmoja wao. Yote mawili.

Nilitoka na kaseti mkononi. Mkanda ulikuwa umekatika, kalamu bado imo ndani.

Mwaka 2018, Januari, Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries, alipofariki, ndipo nikasoma kwenye gazeti chanzo cha wimbo. Tarehe 20 Machi 1993, mji wa Warrington, Uingereza. IRA, wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza, waliweka mabomu kwenye mapipa ya taka barabarani, watu wakiwa wananunua vitu. Watoto wawili walikufa, mmoja miaka 3, mwingine 12. Dolores alikuwa Uingereza na kundi lake wakati huo, msichana wa Ireland, akaandika kwamba hayo hayafanywi kwa niaba yake. Mabomu. Mkanda niliokuwa nauzungusha chini ya dawati.

Nilikaa mwezi mzima kabla ya kumwambia. Nilipomwambia alinyamaza kwenye simu, halafu akauliza kama bado ninayo kaseti. Anataka kuusikiliza. Nikamwambia nitamtumia kwa simu. Hataki wa simu, anataka ile.

Mama Wawili
Pole dadangu. Pole sana.

Bi Mkubwa Tanga
Sina neno. Nimeacha vyombo kwenye karai.

Mpiga Besi Mombasa
Na sisi Dar ubalozi wao ulilipuliwa siku hiyo hiyo, tukapoteza watu 11. Nilikuwa huko na bendi.

Nilitaka kusimulia habari za Don't Speak ya No Doubt, namna Tony Kanal alivyosimama na besi yake kila usiku akipiga wimbo ambao mwimbaji wao Gwen Stefani aliuandika juu ya mapenzi yao kuvunjika. Nimewahi kupiga hotelini na mtu niliyeachana naye, najua mikono inavyokuwa. Lakini nitasimulia siku nyingine.

Bwana Sahihi
Bado nasema Dolly ni country.

Kijana wa Kinondoni
Mkuu, soma juu kwanza.

Bwana Sahihi
Nimesoma sasa. Naomba radhi, dada.

Fundi Kaseti
Dada wa Eastlands, mkanda uliokatika unaungika. Fungua skrubu tano, weka kila kitu mezani kama kilivyokaa. Kata ncha zote mbili kwa mshazari na wembe mpya, zikutanishe bila kupandana, bandika selotepu nyembamba upande wa nyuma, ule usiogusa kichwa cha redio. Upande wa mbele usiuguse na kidole.

Mpiga Besi Mombasa
Gundi ya selotepu inayeyuka kwa joto la kwetu. Tumia rangi ya kucha, tone moja.

Fundi Kaseti
Rangi ya kucha itakwaruza kichwa cha redio! Asikudanganye.

Mtoto wa Ng'ambo
Usiguse kabisa, ipeleke kwa fundi. Ni hiyo hiyo moja tu.

Bi Mkubwa Tanga
Na vumbi la humo ndani mwanangu, usilipulize. Lifunge kwenye karatasi.

Wa Eastlands
Nimeifungua. Skrubu ni nne, ya tano sijui ilianguka wapi. Vumbi limo, jeupe. Nimelifunga.