Bega lilichomoka, eksirei haina kasoro, lakini bado linagonga: je, ni gegedu?

FundiRangi, Tanga

Habari zenu. Nina umri wa miaka 34 na kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Miezi mitano iliyopita, nikiwa golini katika mechi ya mtaani, niliangukia mkono wa kulia na bega likachomoka. Lilirudishwa hospitalini usiku uleule, nikakaa wiki tatu mkono ukiwa umening'inizwa kwa khanga ya mke wangu. Eksirei ilionyesha kwamba mfupa haukuvunjika. Hata hivyo, kila ninapoinua rola kufikia dari husikia kitu kikigonga ndani, na mara mbili nimehisi bega linataka kutoka tena, mojawapo nikiwa juu ya ngazi. Jirani ananishauri nikachuliwe na kuvutwa mkono. Ikiwa picha haina kasoro, tatizo liko wapi, na je, gegedu likiumia hupona?

Mfiziotherapia, Moshi

Pole sana, ndugu. Ushauri wa jirani wa kuchuliwa na kuvutwa mkono usiufuate. Eksirei huonyesha mifupa, na gegedu lenyewe halionekani humo, kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba bega ni zima.

Begani mna magegedu ya aina mbili, ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni lile jeupe na telezi linalofunika kichwa cha mfupa wa mkono pamoja na kishimo cha kombe la bega kinachokipokea. Ukiwahi kutenganisha paja la kuku kwenye kiungo, umeliona. La pili ni ukingo mgumu unaokizunguka kishimo hicho, nao huitwa labramu. Kishimo cha bega hakina kina kama cha nyonga: kichwa cha mfupa hukaa hapo kama chungwa juu ya kisahani, na labramu ndiyo inayokipa kisahani hicho ukingo wa kulizuia chungwa lisibingirike.

Bega linapochomokea mbele, ambako ndiko huchomokea mara nyingi, ukingo huo huweza kubanduka upande wa mbele chini. Jeraha hilo huitwa la Bankart, kwa jina la daktari mpasuaji wa Uingereza aliyeandika juu yake mwaka 1923. Dalili zako zinanielekeza huko, ingawa pasipo kukupima sithubutu kusema zaidi. Muone daktari wa mifupa akupime kwa mikono kwanza. Akiona ipo haja atakuandikia MRI, yaani picha ya sumaku inayoonyesha hata sehemu laini za kiungo, ambayo wakati mwingine hutanguliwa na sindano ya dawa ndani ya kiungo ili mchaniko uonekane vizuri.

Kuhusu kupona, gegedu telezi halina mishipa ya damu, hivyo halijijengi upya kama mfupa. Labramu ina damu kidogo, nayo huweza kushika tena, lakini si lazima ishike mahali pake.

MamaSubira, Nakuru

Mwanangu, usilipuuze. Mimi nina miaka 63, na bega langu lilichomoka mara tatu ujanani bila mimi kulijali. Sasa gegedu limelika. Eksirei yangu inaonyesha mifupa iliyokaribia kugusana na vijipembe vya mfupa vilivyoota kandokando. Sindano ya kwanza ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ilinipa nafuu ya miezi miwili, ya pili wiki chache tu, na daktari akasita kunipa ya tatu, akisema kwamba zikirudiwa sana huweza kulidhoofisha hata gegedu lililobaki. Diklofenaki nayo, dawa ya maumivu, nilijinunulia dukani mpaka ikanipa vidonda vya tumbo. Sufuria zangu zote siku hizi zinakaa rafu ya chini.

Baharia, Mombasa

Sikubaliani kwamba kuchua ni kubaya. Mimi nilichuliwa, na shingo na bega vikalegea.

Mfiziotherapia, Moshi

Kuchua misuli iliyokaza hakuna ubaya, kaka, na huenda kwako shida ilikuwa misuli tu. Ninachokataa ni kuuvuta mkono wa mtu ambaye bega lake tayari linatishia kutoka.

FundiRangi, wakati ukingoja kupimwa, funga tyubu ya baiskeli kwenye kitasa cha mlango uliofungwa, bana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, kisha uvute mkono kuelekea nje polepole na kuurudisha polepole zaidi. Ukiumia, acha. Misuli inayofanya kazi katika zoezi hilo ndiyo inayokishika kichwa cha mfupa pale ambapo ukingo umelegea. Epuka mkao wa kurusha jiwe, yaani mkono juu na nyuma, na ngazi mwachie msaidizi wako kwa sasa.

Bega likiendelea kutoka licha ya mazoezi ya miezi kadhaa, upasuaji wa kamera hutumia matundu madogo kuushona ukingo kwenye mfupa kwa nanga ndogo. Kurudi kwenye kazi ya kuinua mikono baada ya hapo huchukua miezi, kwa hiyo swali hilo la kazi mwulize daktari kabla ya kukubali tarehe.