Kuweka hela kwenye kiwanda cha fataki Liuyang: naombeni ushauri

Shikamooni wakubwa.

Niko Changsha, jimbo la Hunan hapa China, namaliza masomo mwakani. Rafiki yangu wa darasani kwao ni Liuyang, na mjomba wake ana kiwanda cha fataki anachotaka kukipanua. Kaniambia niweke akiba yangu, niwe napata gawio kila mwaka. Nimekwenda kuona. Ni vibanda vidogo vidogo vimetawanyika mlimani, kazi kubwa inafanywa kwa mikono. Oda anazo, nyingi za Marekani, za tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru. Mnasemaje?

Mdogo wenu, Changsha

---

Marahaba mdogo wangu.

Mimi nasafirisha mizigo hapa Guangzhou. Hivyo vibanda vimetengwa makusudi, ili kimoja kikilipuka kisiondoke na vingine. Anzia hesabu zako hapo. Desemba 2019 kiwanda cha huko huko Liuyang kililipuka, wakatangaza maiti 7. Baadaye ikajulikana ni 13, kumbe wakubwa walificha. Juni 2025 kikalipuka kingine Linli, Hunan hiyo hiyo, wakafa 9. Na kimoja kikilipuka, majirani nao husimamishwa wakaguliwe, hata kama hawana kosa. Bado joto la kiangazi, ambalo nalo husimamisha kazi.

Kuuza ndiko kwenye kazi zaidi. Ghala za fataki za Sanshui, karibu na hapa, zililipuka Februari 2008. Jimbo letu la Guangdong likafunga mlango kwa mzigo huo, watu wa Hunan wakahangaika hadi bandari ya Beihai, kule jimbo la Guangxi. Baruti ni mzigo wa hatari daraja la kwanza, na meli nyingi hazitaki hata kuusikia. Kontena likichelewa likafika tarehe 5 Julai, utalipia ghala mwaka mzima. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulipopanda hadi asilimia 145, unadhani oda za mjomba zilikuwa na hali gani?

Tena kampuni ya Panda, fataki za Liuyang hizo hizo, ilikuwa kwenye soko la hisa la Shanghai. Yenyewe iliachana na fataki ikageukia mambo ya fedha. Wewe na visa ya masomo, ambayo hata biashara haikuruhusu, hisa zako zitaandikwa kwa jina la nani?

Usimkatalie kwa ukali, ni rafiki. Mwombe kibali cha usalama cha kiwanda, hesabu za miaka mitatu, na bima ya wafanyakazi.

Kaka yako, Guangzhou

---

Naongeza la Ulaya. Niko Rotterdam. Huku Uholanzi Bunge limeshapitisha, Julai 2025, kupiga marufuku fataki za watu binafsi. Mkesha wa tarehe 31 Desemba 2026 ndio uliopangwa kuwa wa kwanza bila hizo. Watu hawajasahau Enschede, mwaka 2000, ghala la fataki lilipolipua mtaa mzima. Kwa hiyo usije ukapigiwa hesabu za soko la Uholanzi.

Dada, Rotterdam

---

Asanteni sana. Kibali kanionyesha, kimeandikwa jina la mjomba na kimebakiza miezi michache. Hesabu anazo za mwaka mmoja tu, tena zimeandikwa kwenye daftari. Nilipouliza bima ya wafanyakazi, mjomba akacheka, akasema tule kwanza.

Nimekula. Hela sijatoa.