Sola ya shamba Mwakirunge: fundi kanipa bei, ila hesabu yake hainiingii

Mwana wa Mnazini
Salaam aleikum wadau. Tuna shamba la ekari 4 huku Mwakirunge, Mombasa, aliliacha marehemu baba. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ya mabati, jiko la nje ndilo la makuti. Anaishi mama na kijana wa dadangu. Nguzo za stima ziliishia mbali, na pesa za kuivuta hadi kwetu hatuna.

Tulikuwa na sola ndogo: paneli moja ya wati 200, betri moja ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima ya kawaida. Taa zikawaka, tukafurahi. Kisha mimi mwenyewe nikamletea mama friji, auze maji baridi na barafu. Haikupita miezi mitano, ikifika saa tatu usiku inveta inalia, giza. Betri imekufa.

Sasa fundi mwingine anataka kutufungia betri 4 za jeli za volti 12, ampea-saa 200 kila moja, inveta ya kilowati 5 na paneli 2 za wati 330. Anasema nguvu iko kwenye betri. Vya kuwashwa ni taa 8, feni 2, TV, friji, simu, na pampu ya kisima ya wati 750, ambayo kwa sasa twaiendesha kwa jenereta. Halafu kuna mnazi unaotia kivuli paani kuanzia saa nane mchana. Mama hataki hata kusikia ukikatwa, aliupanda baba. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Fundi wa Kisauni
Waaleikum salaam kaka. Weka pesa mfukoni kwanza, tupige hesabu.

Taa 8 za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 360. Feni 2 za wati 50 kwa saa 9 (joto la Februari unalijua) ni 900. TV ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Friji ndogo weka 1,000 kwa siku, na ikifunguliwa kila dakika kwa biashara ya barafu, zaidi. Simu na redio 50. Jumla 2,550. Ongeza thuluthi yake kufidia kile kinachopotea njiani kwenye inveta, nyaya, betri na joto la paneli: 3,400.

Tazama sasa ile ya zamani. Betri ya asidi ya wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampea-saa 100) haifai kukamuliwa zaidi ya nusu, yaani 600. Friji peke yake yataka 1,000. Hiyo betri mliiua kwa njaa, msimlaumu aliyeifunga.

Na huyu wa sasa atairudia njaa ileile kwa bei kubwa. Betri 4 zile ni wati-saa 9,600. Paneli za wati 660 haziwezi kuzijaza huku nyumba inakula. Betri ya jeli isiyojaa wiki baada ya wiki inaganda ndani na kufa, hata kama ni ya bei ghali. Nguvu inatoka juani, kaka. Betri ni mtungi tu.

Mimi ningefunga paneli 2 za wati 450. Hesabu yangu nimeiweka kwa saa 4 za jua kamili kwa siku, si 5, kwa sababu ya mawingu ya Mei hadi Julai: wati 900 mara 4 ni 3,600, zinafika ile 3,400. Betri moja ya lithiamu ya volti 24 (kwa hakika 25.6), ampea-saa 200, ni kama wati-saa 5,100, na asilimia 80 yake waitumia bila wasiwasi. Inveta ya kilowati 2 hadi 3 yatosha, mradi pampu isiwemo.

Mwana wa Mnazini
Isiwemo? Pampu ndiyo inayotumaliza, mafuta ya jenereta kila juma!

Fundi wa Kisauni
Ndiyo maana ninaitoa. Mota ya wati 750 ikianza huvuta mara kadhaa ya hizo, ndipo mnauziwa inveta ya kilowati 5. Tafuta pampu ya sola yenye paneli zake, isiyopitia betri. Jua likitoka inapandisha maji kwenye tangi la juu, likizama inalala. Usiku mnafungua mfereji. Kuhifadhi maji ni rahisi kuliko kuhifadhi stima.

Bi Shanzu
Fundi kasema kweli, mimi niongeze ya chumvi ya upepo wa bahari. Kwangu fremu ya chuma ilipakwa rangi vizuri, lakini ikaoza. Chukua alumini, na bolti za chuma kisichoshika kutu. Na kunguru! Wanadondosha mifupa na kinyesi juu ya paneli, nafagia na maji kila wiki mbili. Nyaya zisipite kabisa kwenye makuti ya jiko, cheche moja na mmebaki na majivu.

Yakhe Likoni
Mnazi ukatwe tu, mama atazoea. Kivuli cha kuti moja kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya nguvu ya paneli.

Bi Shanzu
Wewe huna mama? 😂 Ni nazi zenyewe ndizo za kuogopwa, si kivuli peke yake. Ikianguka moja, kioo kwaheri. Paneli zihame.

Fundi wa Kisauni
Zihame. Tangi liko wapi?

Mwana wa Mnazini
Mita 25 hivi kutoka nyumbani, uwanja mweupe. Ila naogopa wezi.

Fundi wa Kisauni
Nguzo za mita 3, bolti zilizochomelewa, na mbwa. Paneli 2 ziunganishe kwa mfululizo, volti zipande hadi kama 82. Kwa waya wa milimita 6 za mraba utapoteza kama asilimia 2 tu. Ukiziunganisha sambamba, hasara inafika 8. Kontrola, ile inayosimamia kuchajiwa kwa betri, iwe ya MPPT (aina inayoshusha volti za paneli zilingane na betri bila kupoteza nguvu), inayobeba volti 150. Zitazame kaskazini, zilale nyuzi 10 hivi: sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na miezi ile ya mawingu ndiyo jua liko upande wa kaskazini. Mwinamo huo pia hufanya mvua izioshe.

Yakhe Likoni
Na fundi aonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya. Kuna madaraja, T1 ni ya mitambo midogo tu, usikubali akuonyeshe picha ya kadi ya mwenziwe.

Mwana wa Mnazini
Leo nimempigia fundi nikamuuliza paneli za wati 660 zinajazaje betri za wati-saa 9,600. Akanyamaza, kisha akasema atanipigia. Hajapiga.

Mama nimemwambia nguzo zitakaa karibu na tangi. Kauliza mnazi je, nikasema unabaki. Hapo akakubali yote, ila akataka kujua ni Jumamosi gani atarudia kuuza barafu.