Familia ya Kambo, babu yetu: swichi ya Coccinelle, Volkswagen yake

Yaya, 06:52
Jambo sana wote. Swichi ya taa ya Coccinelle ya Kambo imekwama tena. Jana jioni niko sokoni Kenya, hapa Lubumbashi, giza linaingia, navuta haitoki. Nikaikaza, ikatoka nusu: taa ndogo zimewaka, kubwa hakuna. Nimerudi polepole nyuma ya gari la jirani. Na kesho kutwa nampeleka Shangazi Likasi, tutarudi usiku.

Shangazi, 06:58
Barabara ya Likasi usiku, na yale malori? Bila taa sipandi, mwanangu.

Kadogo, 07:03
Yaya, dondoshea mafuta ya injini pale kwenye kijiti. Kitasa changu kililegea hivyo hivyo.

Baba Mdogo, 07:04
HAPANA. Msimwage mafuta humo!

Baba Mdogo, 07:07
Kitasa hakipitishi umeme. Mafuta yatalainisha siku tatu, kisha vumbi letu jekundu litanata juu yake. Ndilo lililoikwamisha: grisi ya zamani imeshika vumbi, ikakauka. Tena mle ndani kuna waya uliojisokota, wa kupunguza mwanga wa dashibodi. Unapata moto. Ukiulowesha mafuta utaona moshi.

Yaya, 07:15
Sasa ni namna gani? Fundi mmoja anataka kutoboa dashibodi aweke swichi ya kubonyeza.

Baba Mdogo, 07:16
Asiiguse. Tangu 1968 dashibodi ile haijatobolewa. Fanya hivi. Inua kiti cha nyuma, toa waya wa hasi wa batri. Usiiruke hatua hiyo, kwa sababu waya wa namba 30 una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Fungua boneti ya mbele, toa lile kartoni la nyuma ya dashibodi. Piga picha kabla hujachomoa hata waya mmoja. 30 inatoka batri, 56 inakwenda taa kubwa, 58 taa ndogo. Kichwa cha swichi kinafunguka kwa kuzungusha, kisha ile pete.

Kadogo, 07:20
Pete watu wanaigonga kwa bisibisi.

Baba Mdogo, 07:21
Na wanaikwaruza. Koleo yenye ncha nyembamba, uifunge kitambaa.

Yaya, 09:40
Imetoka. 📷 Tazameni pembeni ya 56, plastiki imekuwa kahawia.

Baba Mdogo, 09:48
Njo ile niliyoiogopa. Taa mbili za wati 45 kwa volti 12, ni ampea 7 na nusu zinapita pale. Uchafu ukila volti 1 tu, wati kama 7 zinabaki mle kama joto, na mbele taa zinafifia. Joto linakausha grisi zaidi, kijiti kinakaza, mtu anavuta kwa nguvu, vyuma vinazidi kuchakaa.

Tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme, ile inayokauka yenyewe. Puliza, vuta na sukuma mara 30, puliza tena mpaka kinachotoka kiwe safi. Usiifungue mgongoni, kuna springi. Ncha za waya zisugue kwa msasa laini. Ya 56 ikiwa imelegea, weka mpya. Ukimaliza, kijiti kipate grisi kidogo sana, ya ncha ya njiti ya kiberiti.

Shangazi, 09:55
Na isiungue tena?

Baba Mdogo, 09:57
Wiki ijayo naleta rilei, ile swichi inayoamshwa na umeme kidogo. Waya mnene kutoka batri, fyuzi yake, na umeme mzito utapita huko. Swichi itabaki kuiamsha rilei tu.

Yaya, 15:31
Imerudi mahali pake. Ncha ya 56 ni mpya. Nimewasha taa kubwa, nikapima kati ya 30 na 56: volti 0,2. Nimeziacha dakika 20, swichi haina joto mkononi.

Baba Mdogo, 15:33
Muzuri sana, mtoto wangu.

Shangazi, 15:40
Basi nipitie saa kumi na mbili asubuhi. Nitafunga bukari ya njiani.

Kambo, 16:12
🎤 Mwanga wa dashibodi bado unapungua ukizungusha? Usiku mimi nilikuwa naupunguza, nione barabara.

Yaya, 16:14
Unapungua, Kambo. Nimeuacha chini, kama ulivyokuwa unauweka.