Nakokotoa matriksi kwa mwanga wa leza ila majibu yanayumba, mwanga mwingine unaingilia. Nafanyaje?

mwanga_kidogo (muuliza swali)

Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa nne uhandisi elektroniki hapa Dar, projekti yangu ni kifaa cha kuzidisha matriksi (jedwali la namba) kwa vekta (safu moja ya namba) kwa mwanga, ile njia ya kina Goodman wa Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 1978. Nimechukua paneli mbili za LCD kutoka kwenye projekta mbovu (zile projekta zina paneli tatu ndani, moja ilikuwa imepasuka), ya kwanza inaonyesha vekta ya pili inaonyesha matriksi ya 32 kwa 32, pikseli ikiwa wazi ni 1 ikiwa nyeusi ni 0, leza nyekundu ya nanomita 650 inapita zote mbili halafu lenzi ya silinda inakusanya kila mstari na kuuangusha kwenye kamera ya USB.

Sasa shida. Mstari ambao jibu lake ni 5 unanipa 5.1, nikiegemea meza unakuwa 4.6, nikikaa mbali unarudi 5.3. Mstari ambao ni sifuri tupu unanipa kama 0.3. Na mchana ni mbaya kuliko usiku. Nimejenga boksi la kadibodi nikapaka rangi nyeusi ndani, imesaidia kiduchu tu. Msimamizi anasema "punguza kelele za mwanga" basi, anaondoka. Zimebaki wiki mbili nipresenti.

Kipepeo77

Weka filta ya rangi mbele ya kamera mkuu, ile inayopitisha 650 peke yake, sehemu kubwa ya jua inabaki nje. Kazi imeisha.

fundi_lenzi

Filta itasaidia ya mchana lakini hiyo 5.1 kuwa 4.6 haigusi hata kidogo, kwa sababu huo mwanga unaomsumbua una rangi ileile ya leza, ni leza yenyewe imezurura.

Mdogo wangu, hapo una wezi watatu na unawakimbiza kwa fimbo moja. Kwanza watenganishe. Zima leza, acha kila kitu kingine kama kilivyo, piga picha. Chochote kamera inachokiona hapo ni mwanga wa nje. Huyo ndiye mwizi mpole maana anajumlishwa tu juu ya jibu lako, unamtoa kwa kutoa picha ya giza kutoka kwenye picha ya kazi. Ila zima kwanza ile auto ya kamera, eksposha (muda wa kupokea mwanga), geini (ukuzaji) na gama (mkunjo wa mng'ao) vyote uweke kwa mkono, la sivyo kamera inajirekebisha yenyewe kila picha na hesabu yako ya kutoa ni uongo. Na eksposha iwe milisekunde (ms) 10 au 20 au 30, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukichukua nusu ya pepeso leo na robo yake kesho utadhani kifaa ni kibovu.

Mwizi wa pili ni hiyo 0.3. Pikseli nyeusi ya LCD haiwi nyeusi kabisa, kama kontrasti (tofauti ya nyeupe na nyeusi) ni 100 kwa 1 basi kila sifuri yako ni 0.01, na una sifuri 32 kwenye mstari, piga hesabu: 0.32. Ndiyo hiyo unayoiona. Zungusha leza yenyewe taratibu kwenye kishikio (mwanga wa leza dayodi tayari una polarizesheni, yaani mawimbi yake yanatikisika upande mmoja) mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli. Halafu onyesha matriksi, piga picha, onyesha matriksi iliyogeuzwa 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1, piga tena, toa ya pili kwenye ya kwanza. Uvujaji upo sawa kwenye zote mbili kwa hiyo unakufa wenyewe. Faida ya ziada ni kwamba unapata namba hasi bure.

Wa tatu ndiye jambazi. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa ya kuzuia mng'ao unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Unaruka ukarudi, unaruka tena ukaenda mbele, 4 ya 4 ni asilimia 0.16, mtu anasema aah hiyo ndogo. Si ndogo! Mwanga wa leza ileile ukikutana hazijumlishwi nguvu, yanajumlishwa mawimbi, na ukubwa wa wimbi ni kipeuo cha pili (square root) cha nguvu, kwa hiyo hiyo 0.16 ni wimbi la asilimia 4 ya lile kubwa. Yakienda sawa nguvu inapanda karibu asilimia 8, yakipishana inashuka karibu 8. Kwenye jibu la 5 hiyo ni 0.4 juu au chini. Ndiyo maana ukiegemea meza namba inahama, kutoka kilele hadi bonde njia inabadilika nanomita 325 tu, unywele wa kichwa ni mnene zaidi ya mara 100 ya hapo. Huyu humtoi kwa picha ya giza kwa sababu ukizima leza naye anazimika.

Cha kufanya: inamisha kila paneli na kila lenzi nyuzi mbili tatu ili kinachoruka kiende ukutani, ukutani weka kitambaa cha mahameli cheusi. Rangi za kupuliza nyingi zinang'aa ukizitazama kwa pembe. Tia vizuizi vyenye tundu kila baada ya lenzi.

Lakini hebu nikuulize, leza ya nini? Ile njia ya 1978 ilibuniwa kwa mwanga usioshikana hatua, yaani mawimbi yake hayaendi kwa mpangilio mmoja, si leza. Weka LED nyekundu nyuma ya tundu dogo.

mwanga_kidogo

Kaka nimeweka leza kwa sababu LED inatawanyika sana na nilidhani leza ni bora zaidi kwa kila kitu 😅

fundi_lenzi

Wote tulidhani hivyo. LED nyekundu inasahau hatua zake baada ya kama maikromita 20, kioo cha milimita 1 kwenda na kurudi ni milimita 3 za njia, kwa hiyo mzuka (ule mwanga ulioruka) ukifika haujuani na wimbi la mwanzo. Unabaki ile 0.16 yake ya kujumlisha tu. Na zile chengachenga kama TV isiyoshika stesheni zitaondoka. Utapoteza mwanga mwingi, ongeza eksposha.

DadaWaEindhoven

Niongezee kidogo, mimi kazi yangu ni chipu za silikoni za mwanga na huku ushauri wa LED haupo, maana hesabu yenyewe inafanywa na mawimbi kukutana. Ile chipu ya MIT ya 2017 yenye viunganishi 56 vya Mach-Zehnder (kila kimoja kinagawa mwanga njia mbili kisha kinaukutanisha) ilitambua irabu kwa usahihi wa asilimia 76.7 wakati kompyuta ya kawaida ilifika 91.7. Sehemu ya pengo hilo ni kelele za vipokezi na joto linalovuja kutoka kiungo hadi kiungo.

Kwetu mwizi mkubwa ni mlangoni, pale fayba inapoingiza mwanga. Kirahisi nusu inakosa njia, na silikoni kwa nanomita 1550 ni kioo safi, basi huo mwanga unatiririka chini ya chipu kama maji yaliyomwagika sakafuni mpaka uwafikie vipokezi. Tunaviweka vipokezi pembeni, kamwe visitazamane na fayba, tunachimba mifereji kati, na kila mlango usiotumika unafungwa na kitu cha kunyonya mwanga. Mlango ulioachwa wazi unarudisha.

Na kama kuna atakayebaki na leza: hakikisha mwanga haurudi ndani ya leza yenyewe. Ni kama maiki mbele ya spika, inaanza kupiga yowe.

mwanga_kidogo

Mrejesho wadau. LED imewekwa, paneli zimeinamishwa, natoa picha ya kinyume. Sifuri sasa ni 0.02, na 5 inacheza kati ya 4.96 na 5.05, hata nikigonga meza. Kitambaa nimepata Kariakoo. Ila eksposha imefika 200 ms, kwa hiyo "kompyuta ya kasi ya mwanga" yangu inafanya hesabu tano kwa sekunde, na ya picha mbili ni mbili na nusu.

Kipepeo77

😂😂 Kwenye slaidi usiandike neno kasi.