Salsa za chupa: pole, wastani, kali, na pilipili yetu ya mawese. Ipi niagize tena?

Mkazi_Mwanga

Wakuu, salaam. Shemeji yangu alifika hapa Kigoma na treni kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200 za kukaa na kuchungulia dirishani, na begini mwake, kando ya maembe yaliyopondeka, zilikuwemo chupa nne za salsa. Kwa ambaye hajakutana nayo, salsa ni neno la Kihispania, maana yake mchuzi tu. Hii ya chupa ni ya mtindo wa Meksiko: nyanya, kitunguu, pilipili, siki na majani ya giligilani, ikachemshwa na kufungwa kwenye chupa ya mdomo mpana kama ya jamu. Tatu nyekundu ni za kiwanda kimoja, na lebo zinasema pole, wastani na kali. Ya nne ni ya kijani. Nilidhani ni nyanya mbichi, kumbe ni tomatiyo, tunda la ukoo wa nyanya linalokua ndani ya ganda jembamba kama karatasi.

Nikasema tusizile ovyo, tuzishindanishe na za kwetu. Nikaongeza pilipili ya mawese ninayonunua kwa bibi mmoja Ujiji, na pilipili mbuzi ya siki anayotengeneza mke wangu. Jumla sita. Nikazizungushia magazeti, nikaandika namba, nikachemsha muhogo bila chumvi. Waonjaji tulikuwa mimi, mke wangu, shemeji, majirani wawili, na mwanangu wa miaka 11 ambaye tulimkataza mbili.

Kosa likawa langu. Mtoto ndiye aliyechomoa namba za kuanzia, na ya kwanza kutoka ikawa ile ya mawese. Nikaacha ipite, eti bahati nasibu ni bahati nasibu. Baada ya hapo kila tulichoonja kilikuwa maji ya nyanya. Jirani mmoja aliipa ile kali alama sawa na ile ya pole, huku machozi yanamtoka kwa sababu ya ile ya mwanzo. Tukafunga shughuli, tukanywa mtindi, tukarudia kesho yake kuanzia laini kwenda juu, na kati ya chupa na chupa tunakula muhogo na kungoja kidogo.

Siku ya pili ilikuwa hivi.

Ile ya pole ni tamu, nzito, vipande vya kitunguu unavikuta. Pilipili hakuna aliyeisikia. Mtoto aliila kwa kijiko kama uji. Nilikuwa nimeshaidharau mpaka mke wangu alipoleta mgebuka mkavu uliorostiwa mchana. Jamani. Ule moshi wa samaki na ule utamu wenye uchachu vilikaa pamoja kama vimelelewa nyumba moja. Sahani iliisha kabla sijaandika alama.

Ya wastani, sina la kusema. Si ya mtoto, si ya mtu mzima.

Kali: inawasha ulimini mara moja, siki inasikika kuliko nyanya, halafu dakika mbili tu imeondoka. Watu wanne kati ya watano waliojua kuna ya wastani na ya kali walidhani hii ndiyo ya wastani, wakawa wanasubiri ya kali ije.

Ya kijani ilituletea ugomvi. Ni chachu kama embe bichi na ina harufu ya majani. Mimi na shemeji tuliipenda na dagaa wa kukaanga, wale wa kuvunjika mdomoni. Mke wangu kasema kama anataka uchachu, ndimu zipo uani.

Pilipili mbuzi ya siki tunaijua, inapiga puani kabla ya mdomoni. Ile ya mawese huanza polepole, unajisifu umeiweza, kisha inapanda mpaka midomo inakufa ganzi. Harufu yake haina mpinzani hapo mezani.

Sasa shemeji anarudi Dar na atakuja tena. Ana nafasi ya chupa tatu tu. Niagize zipi?

Gungu_Kwetu

Mkuu, usiagize hata moja. Chupa imeandikwa kali halafu mtoto wa darasa la tano anaimaliza? Hiyo kali ni ya watu waliokua wakila viazi na siagi. Shuka sokoni Mwanga, nunua fungu la pilipili mbuzi, nyanya tatu, kitunguu, ndimu, katakata. Umeshapata salsa, tena imelala shambani jana, haijalala ghalani.

Mkazi_Mwanga

Ya kali mtoto hakuipewa, soma vizuri. Alimaliza ya pole.

Mama_Migebuka

Nakuunga mkono kwenye hiyo ya pole, na nasema kama mtu aliyeuza samaki Kibirizi miaka mingi. Vijana mnapima kila kitu kwa kuwasha. Mgebuka mkavu una ladha yake, una mafuta yake, una moshi wake. Ukimwagia pilipili mbuzi umekula pilipili, samaki amekuwa kijiko tu. Ugali wa muhogo nao ni mpole, hauna makelele, ukimwekea kitu kinachounguza unaupoteza. Pilipili ya mawese mimi naitumia kwenye maharage na kwenye matembele, vitu visivyo na sauti vyenyewe.

Ila niulize, hiyo ya pole ina sukari? Utamu wa nyanya na utamu wa sukari si kitu kimoja.

Mkazi_Mwanga

Shikamoo mama. Nimesoma lebo: sukari ipo, lakini imetajwa karibu na mwisho, baada ya chumvi. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo ni kidogo. Ya wastani na ya kali zina orodha ileile, tofauti ni kwamba halapenyo, ile pilipili yao ya Meksiko, imepanda juu. Ndiyo maana naona ya wastani haina kazi, ni ya pole iliyoongezwa vipande.

Mama_Migebuka

Marahaba mwanangu. Basi hiyo ni nyanya.

Mwalimu_Kemia

Naomba niingie, maana hapa kuna jambo la kipimo. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, aliweka njia ya kupima ukali: unayeyusha ule ukali wa pilipili, unaichanganya na maji ya sukari, unaendelea kuipunguza nguvu mpaka waonjaji wasisikie tena kuwasha. Mara ngapi maji ya sukari yameizidi, hiyo ndiyo alama. Hoho ni sifuri. Halapenyo, ambayo ndiyo pilipili ya salsa nyingi, ni kama 2,500 hadi 8,000. Pilipili kichaa inafika 50,000 hadi 100,000. Pilipili mbuzi iko kwenye ukoo wa habanero, na hao wanaanzia 100,000 na kupita 300,000.

Sasa chukua halapenyo ya 5,000, izamishe kwenye nyanya na kitunguu vinavyoizidi mara kumi. Unabaki na nini? Neno kali kwenye lebo halilingani na kipimo chochote cha pamoja. Kila kiwanda kinalinganisha chupa zake chenyewe kwa chenyewe. Kwa hiyo chupa haijadanganya, ila haikuandikwa ikiwafikiria watu wa Ujiji.

Na kuhusu mawese kuchelewa. Kitu kinachowasha kinaitwa kapsaisini, na hakipatani na maji, kinapatana na mafuta. Ndani ya mawese kimeshikwa, kinaachiliwa taratibu. Kwenye siki na maji ya nyanya hakina pa kujificha, kinakurukia. Ndiyo sababu pia maji ya kunywa hayasaidii, yanazungusha moto tu mdomoni. Mtindi mliokunywa ulifanya kazi kwa sababu protini ya maziwa inakibeba.

Jambo la ziada: kapsaisini haiunguzi kitu. Inashika kile kipokezi cha neva ambacho kazi yake ni kusikia joto la kuunguza, ubongo unadhani umeweka kaa la moto. David Julius alikipata kipokezi hicho kwa kutumia pilipili hiyohiyo, na mwaka 2021 akashiriki tuzo ya Nobel ya tiba. Ndege hawasikii kabisa. Kuku wangu wanadonoa pilipili kichaa kama mtama.

Gungu_Kwetu

Kumbe kuku wa Mwalimu ndio wanaofaa kuonja hiyo salsa kali.

Dada_Kasulu

Mwalimu, mama yangu hutoa mbegu za pilipili mbuzi kabla ya kupika, anasema ukali uko kwenye mbegu. Akitoa inapungua kweli. Ni mbegu au si mbegu?

Mwalimu_Kemia

Si mbegu, dada. Ni ule utando mweupe ambao mbegu zimejishika. Mama akikwangua mbegu, utando unatoka nao. Mwambie akwangue utando wote aone, na asishike macho baada ya hapo.

Nzuki_Tabora

Niko Tabora, nanyi mmesahau kitu. Hizo salsa mnazilinganisha kwa kuwasha na uchachu tu. Sisi nyumbani tunasaga pilipili kichaa na siki, tunatia asali ya miombo, ile nyeusi yenye uchungu kidogo mwishoni. Kwenye kuku wa kuchoma hakuna salsa itakayosogea. Ukali upo, lakini unakuja umevaa vizuri.

Mkazi, jaribu hivi: ile ya kali uliyobaki nayo, chukua vijiko vitano, tia kijiko kimoja cha asali na pilipili kichaa mbili zilizopondwa. Acha ilale usiku mmoja. Usiitupe.

Pilipili_ya_Nyumbani

Mimi natengeneza na kuuza pilipili, kwa hiyo mjue nina upande. Lakini ulinganisho huu una kasoro. Salsa ya chupa imechemshwa ili ikae mwaka na zaidi bila friji. Majani ya giligilani yakichemshwa hayabaki na harufu, kitunguu kinalegea. Kuiweka karibu na pilipili ya siki ya wiki hii ni kama kushindanisha dagaa mkavu na dagaa aliyetoka majini alfajiri. Wote dagaa, kazi tofauti.

Ningekuwa wewe ningeilinganisha na tomato sosi ya dukani na achali. Hapo salsa ya pole inashinda kwa mbali, maana ina vipande na haina ule unyororo wa gundi.

Mkazi_Mwanga

Hiyo nakubali. Nilishindanisha kilichokuwa kabatini, sikufikiria daraja zake. Ila dagaa mkavu na dagaa mbichi nimewahi kuwaweka meza moja, na hakuna aliyelalamika.

Mpangaji_Katubuka

Swali la mtu asiye na friji. Ukishafungua inakaa siku ngapi? Umeme kwetu una tabia zake.

Pilipili_ya_Nyumbani

Ikiwa haijafunguliwa, kabati linatosha, ila kabla ya kufungua bonyeza katikati ya kifuniko. Kikiwa kimebonyea ndani na hakichezi, salama. Kikipanda na kushuka kwa mlio wa tak, rudisha dukani. Ikishafunguliwa inahitaji baridi, lebo yenyewe inasema. Bila friji nunua chupa ndogo, ifungue siku mna wageni, imalizeni. Na kijiko kiwe kikavu, kisiwe kilichotoka kwenye mchuzi.

Uchachu ndio unaoilinda, siyo pilipili. Watu wanadhani kitu kikali hakiozi. Hasa angalieni za mafuta za nyumbani zenye vitunguu saumu vibichi: mafuta yanazuia hewa, kitunguu saumu hakina uchachu, na wale bakteria wa botulizimu wanapenda mahali pa namna hiyo. Sumu yao haina harufu wala ladha. Mimi pilipili ya mawese nakaanga mpaka maji yaishe, natia ndimu, na natengeneza ya kuisha haraka.

Mkazi_Mwanga

Bibi wa Ujiji naye anauza vichupa vidogo tu, vya wiki moja. Nilidhani ni ubahili.

Nimejaribu ya Nzuki. Asali sina ya Tabora, nimetumia ya Kibondo. Shemeji amekula na ndizi za kukaanga na sasa anadai chupa ya kali ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Mtu huyuhuyu siku ile aliipa tatu kwa kumi.

Nimeamua: mbili za pole, moja ya kijani. Mke wangu anasema ya kijani nitaila peke yangu, nami sina tatizo na hilo.

Gungu_Kwetu

Yaani kikao chote hiki ili ukaagize nyanya mbili za chupa.

Mkazi_Mwanga

Njoo Jumapili, nakufunga macho, nakupa ya pole na mgebuka. Ukiitambua kabla hujaomba nyingine nitanyamaza.

Mama_Migebuka

Mgebuka nitaleta mimi. Mwanangu, hizo chupa nne zikiisha, umeshampa mtu? Zile za mdomo mpana na kifuniko cha bati ni shida kuzipata hapa mjini, nami nina pilipili ya kutia.

Pilipili_ya_Nyumbani

Mama, mimi nilikuwa naelekea kuuliza hivyohivyo. Tugawane mbilimbili.